Toyota Ti ya Bujumbura: eti haifi?

Vijana wenzangu, wiki hii tunaongea historia ya gari ambalo karibu kila mtu aliyekaa Buja amelipanda: Toyota Carina, ile tunayoita Ti. Toyota walianza kutengeneza Carina mwaka 1970, wakaacha 2001. Ti yetu ni ya kizazi cha mwisho, kilichoanza 1996. Kwa hiyo hata ile changa kabisa imeshapita miaka 20, na bado inabeba watu.

Wazee wanasema Toyota haifi. Mimi nasema inakufa kila wiki, ila inafufuliwa Buyenzi.

Ilifikaje? Kwa meli kutoka Japani mpaka Dar es Salaam, halafu zaidi ya kilomita 1,500 za barabara. Usukani uko kulia, na sisi Burundi tunaendesha kulia. Rwanda walikataza kuingiza magari hayo mwaka 2005, Burundi yakaendelea kuingia. Ndiyo maana ukikaa mbele kwenye Ti, wewe ndiye macho ya dereva: akitaka kulipita lori, anakuuliza wewe kama njia ni nyeupe.

Sasa magonjwa yake. Injini ya 1.5, inayoitwa 5A, ni rahisi. Mkanda wa taimingi unabadilishwa kila kilomita 100,000, lakini kwa gari lililotumika nani anaziamini zile namba za kwenye dashibodi? Mkanda ukikatika, gari linazima hapohapo. Bahati ni kwamba kwenye injini hii valvu kwa kawaida hazigongani na pistoni. Unafunga mkanda mpya, unaondoka. Kwenye injini nyingine nyingi, hapo umeshalia.

Mlima ndio unaoiumiza. Buja iko kwenye mita kama 800, Bugarama inapita 2,200, na umbali haufiki kilomita 40. Rejeta iliyojazwa maji ya bomba miaka yote inaota kutu ndani, inaziba, gari linachemka. Wakati wa kushuka, asiyeweka gia ndogo anaunguza breki. Mashimo yanamaliza bushi na bolijointi.

Lakini magonjwa mengine si ya gari, ni ya nchi. Julai 1996 majirani walituwekea vikwazo, vikasimamishwa Januari 1999. Mafuta yakawa ya kutafuta. Mwaka 2024 foleni za mafuta zikawa ndefu tena. Dereva anazunguka taa ya mafuta ikiwaka siku nzima. Pampu ya Ti iko ndani ya tangi na inapozwa na mafuta yenyewe. Tangi likikaa karibu tupu, pampu inapata joto na kuvuta uchafu wa chini. Ikiungua, watu wanasema gari ni bovu.

Anayeirudisha barabarani ni fundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa magaraji. Alianza kama kijana wa kushika spana, akajifunza kusikiliza injini, na piesi akazitoa kwenye gari lililokufa. Cheti hana. Baada ya 2015, watu zaidi ya 400,000 walikimbia nchi, na mafundi wa namna hii walikuwemo. Walifikia Nyarugusu, Nduta, Nakivale. Wakiomba kazi, swali la kwanza ni: karatasi iko wapi?

Ndugu zetu wa mashirika, hapa ndipo tunawaomba. Mpeni injini iliyozima na saa moja, mtajua kama ni fundi. Tanzania, VETA wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Tusaidieni kuuliza namna mkimbizi anavyoweza kuupata, kabla ya kumwandikisha fundi wa miaka kumi kwenye kozi ya kujifunza majina ya spana.

Na wewe unayesoma, Ti ya kwenu iliharibika nini kwanza, na nani aliitengeneza? Andika hapa chini.