Babu hayumo kwenye sensa, yumo kwenye kodi

Karani wa sensa aliyepita vijijini Kisii na Nyamira mwaka 2019 aliandika majina ya kila aliyelala nyumbani usiku wa Agosti 24. Serikali ikatangaza jumla: watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Majina yenyewe hayakutangazwa, kwa kuwa Sheria ya Takwimu ya 2006 inayalinda kama siri. Mjukuu aliyesikia kwamba Waingereza walifunguliwa fomu za sensa yao ya 1921 mnamo Januari 2022, na Wamarekani za 1950 miezi michache baadaye, akienda Nairobi kuulizia za kwao ataonyeshwa majedwali.

Na hata makabati yote yangefunguliwa leo, asingemwona babu aliyefariki kabla ya Agosti 1948. Sensa za 1911, 1921, 1926 na 1931 ziliwahusu Wazungu, Wahindi na wageni wengine. Mhindi mwenye duka mjini Kisii alihesabiwa kichwa kizima. Mgusii, mwenyeji wa hapo, aliyemuuzia wimbi alikuwa makadirio tu. Afisa wa wilaya alichukua idadi ya nyumba zilizotozwa kodi, akazidisha kwa watu aliodhani wanaishi katika kila moja, basi, akapata idadi ya wenyeji. Ni 1948 ndipo Waafrika wa Kenya walipohesabiwa mtu kwa mtu kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo anayemtafuta babu wa babu huku aanze na karatasi zilizoandikwa ili kuwakamua watu: za kodi, za kazi na za kesi.

Waingereza walivamia Gusii, nchi hii ya Kisii na Nyamira, 1905, wakajenga boma Kisii 1907. Januari 1908 Mgusii aitwaye Otenyo akamchoma mkuki Northcote, mkuu wa wilaya, baada ya nabii Moraa kuwahimiza vijana wakatae kutawaliwa. Jibu likawa moto: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Walionusurika wakatozwa kodi, na kodi ile ilihesabu nyumba. Kisii kila mke ana nyumba yake, hivyo mzee mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Hapo risiti moja kuukuu iliyokunjwa ndani ya sanduku la bati inakupa kitu ambacho jedwali la sensa halikupi. Ukikuta nyumba tatu kwenye risiti ya mwaka mmoja na mbili kwenye ya miaka minne baadaye, kuna mke aliyefariki au aliyeondoka katikati, au ni nyumba ya mama mjane iliyofungwa. Waulize wazee ni ipi kati ya hizo, watajua. Na kama tarehe imefutika, angalia fedha. Risiti ya rupia haiwezi kuvuka sana 1920. Kodi ilikuwa imefika shilingi 16 vuguvugu la Piny Owacho, la kuipinga kodi hiyo, lilipopamba moto Nyanza mwishoni mwa 1921, ikashushwa hadi 12 mwaka uliofuata.

Kisha kuna kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume wa miaka 16 na zaidi alipigwa alama za vidole, akaandikiwa kabila, mwajiri, mshahara, siku ya kuajiriwa na siku ya kuachishwa, akaibeba karatasi hiyo shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Ilikuwa fedheha, na watu waliichukia kwa haki. Lakini babu aliyekwenda kuchuma chai Kericho aliandikwa humo kwa makini kuliko alivyowahi kuandikwa popote. Tahadhari na tahajia tu: karani aliyezoea Kiluo akisikia Ondieki angeweza kuandika Ondiek, na mtu mmoja akageuka wawili.

Umri ni shida nyingine. Mzee akisema alizaliwa Wajerumani walipoingia Kisii, usimpuuze, maana amekupa tarehe bora kuliko vyeti vingi. Wajerumani walitokea Tanganyika na kuuteka mji huo Septemba 1914, wakapigana na Waingereza tarehe 12 na kurudi nyuma. Wenyeji wakapora boma lililoachwa wazi, wakaadhibiwa kwa kunyang'anywa ng'ombe. Kila familia iliyopoteza mifugo ina hadithi ya mwaka huo.

Kwenye Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, usiulizie Nyamira. Haikuwa wilaya hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Ulizia South Kavirondo, wilaya ya zamani iliyokuwa na makao yake Kisii, na uwe umeshika jina la ukoo: Abagetutu, Abanyaribari, Abamachoge, Ababasi, Abanchari au Abagirango. Afisi ya ardhi nayo inakudai hilo hilo. Hatimiliki ya huku huandikwa West Kitutu/Bogeka au Nyaribari Chache/B/B/Boburia kabla ya namba ya shamba, yaani koo zenyewe zimekaa ndani ya rejista ya serikali.

Mpaka hapa nimesema babu tu, na si kwa bahati mbaya. Wanawake hawakupewa vitambulisho hadi sheria ilipobadilishwa 1978. Bibi yuko wapi? Yuko mahakamani. Mabaraza yaliyoitwa ritongo yalisikiliza kesi nyingi za mahari, kiasi kwamba Philip Mayer, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Kisii miaka ya 1940, alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria za mahari mwaka 1950. Kesi ya mahari haiendi bila kumtaja binti, baba yake, ukoo wake na ng'ombe waliotolewa au wanaodaiwa. Tabu ni kwamba mke ambaye ng'ombe wake walifika bila ugomvi hana jalada. Huyo mtafute kwenye daftari la ubatizo, Nyabururu kwa Wakatoliki waliofika 1911 au kwa Wasabato wa Nyanchwa, ukijua kwamba huenda ameandikwa kwa jina la Kizungu ambalo nyumbani hakuna aliyemwita kwalo.