Neno "Masihi" na Mabishano ya Barcelona

Neno "Masihi" tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni moja na neno la Kiebrania lenye maana ya mtu aliyepakwa mafuta. "Kristo" ni neno hilo hilo kwa Kiyunani. Sisi Wakristo tumezoea kulisikia kama jina la mmoja tu, lakini katika Agano la Kale lilikuwa cheo cha makuhani na wafalme. Hata Koreshi wa Uajemi, asiye Mwisraeli, ameitwa hivyo katika Isaya, sura ya 45. Asiyelijua jambo hili hataelewa yaliyobishaniwa Barcelona mwezi wa Julai, 1263.

Mfalme wa Aragon wakati ule alikuwa Jaume wa Kwanza. Mtawa wa Kidominiko, Pablo Christiani, Myahudi wa kuzaliwa aliyebatizwa, alidai kwamba aweza kuthibitisha kwa vitabu vya Wayahudi wenyewe ya kuwa Masihi amekwisha kuja. Mfalme akamwita Moshe ben Nahman, mwanachuoni wa Girona, aje kumjibu. Baraza lile halikuwa la watu walio sawa. Mmoja alikuwa na Kanisa nyuma yake. Jamaa za mwingine walikaa nchini kwa hisani ya mfalme, na neno moja lingaliweza kuwaponza. Kwa hiyo Moshe aliomba kwanza ruhusa ya kusema kwa uhuru, akapewa.

Pablo akaleta hadithi ya wazee wa Kiyahudi isemayo kwamba Masihi alizaliwa siku ile Hekalu lilipobomolewa. Moshe akajibu kwamba hadithi za namna hiyo ni kama mahubiri: apendaye na azisadiki, asiyependa hana lawama. Tena Hekalu lilibomolewa mwaka 70, na Yesu alizaliwa kabla ya hapo; basi hadithi hiyo yamhusuje? Twaona jibu hili lilikuwa kali.

Hoja yake nzito ilikuwa nyingine. Manabii walitabiri kwamba siku za Masihi silaha zitageuzwa kuwa zana za kulimia. Kumbe tangu siku za Yesu dunia imejaa jeuri na unyang'anyi. Akamwambia mfalme waziwazi ya kuwa yeye na askari wake wangeona taabu sana kama vita vingekoma!

Hapa ndipo wanapoachana. Kwa Wayahudi waliofuata mafundisho hayo, Masihi ni mwanadamu wa ukoo wa Daudi, atakayewakusanya watu wake na kuleta amani ionekanayo kwa macho. Asiyeyafanya hayo siye. Wakristo husema kwamba alikuja kwanza kuondoa dhambi, na hayo yaliyosalia atayatimiza atakaporudi. Hata Isaya 53 husomwa mbalimbali: sisi twamwona Yesu katika yule mtumishi ateswaye, na wafasiri wengi wa Kiyahudi wamwona Israeli, taifa zima. Lakini Moshe alisema kwamba Masihi siye msingi wa dini yao; ugomvi wenyewe ni juu ya kumwita mwanadamu Mungu. Kwa maoni yetu hapo alilenga shabaha, maana wengine walikuwa wakihesabu miaka tu.

Habari za baraza lile ziko mbili. Ile ya Kilatini yasema kwamba Moshe alishindwa kujibu. Yake mwenyewe yasema kwamba mfalme alimpa dinari 300 za kurudia kwao. Mwaka 1265 Wadominiko walimshtaki kwa sababu ya kitabu alichoandika juu ya mabishano hayo, na ile ruhusa ya kusema kwa uhuru haikumwokoa na ghadhabu yao. Akaiacha nchi yake, naye umri umepita miaka 70, akafika Yerusalemu mwaka 1267. Alimwandikia mwanawe kwamba katika mji ule ulioharibika aliwakuta Wayahudi wawili tu, ndugu, wenye kazi ya kutia nguo rangi, na siku ya Sabato watu wachache walikusanyika nyumbani mwao kusali. Wakatafuta nyumba iliyobomoka, yenye nguzo za marumaru, wakaifanya sinagogi.