Mbwaa

Mbwaa ni mahali panapotajwa katika masimulizi ya Wameru wa Kenya kuwa chimbuko lao: penye maji, ambapo mababu walitumikishwa na Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu, kisha wakatoroka. Koo hugawanywa kwa wakati wa kuvuka maji hayo: Njiru (weusi) usiku, Ntune (wekundu) alfajiri, Njeru (weupe) kulipokucha. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman alipendekeza kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Wapo wanaopinga. Kimeru kina undugu wa karibu zaidi na Kikuyu na Kikamba kuliko lugha za pwani, tena kisa hiki kinafanana mno na kitabu cha Kutoka kilichohubiriwa na wamisionari. Hoja hizo ni nzito, lakini haziondoi uwezekano wa kundi dogo la wahamiaji kumezwa kilugha na wenyeji, na kisa chake kikarithiwa na wote. Kwa majirani zao Waembu, kisa cha babu yao Mwenendega huanzia kwao wenyewe, karibu na mji wa Runyenjes, wala hakina bahari. Nyaraka za serikali haziamui ubishi: Waingereza waliidhibiti Embu mwaka 1906 tu, na Meru baadaye kidogo. Miaka ya kabla ya hapo huhesabiwa kwa majina ya marika, na urefu wa kila rika hukadiriwa tu.