Mwandishi (albamu)

Mwandishi ni albamu ya studio ya mpiga kinanda Mmarekani Herbie Hancock na kundi lake la watu sita, iliyotolewa na Warner Bros. mwaka 1971. Ni muziki wa ala, wenye vipande 3 tu. Jina la albamu likaja kuwa jina la kundi lenyewe.

Majina

Kiswahili kiliingia kupitia James Mtume, mpiga ngoma kutoka Philadelphia na mfuasi wa Maulana Karenga, mwanaharakati Mmarekani Mweusi aliyehimiza Kiswahili. Mwishoni mwa 1969 Hancock alipiga naye katika albamu Kawaida ya Albert Heath, baba mdogo wa Mtume. Hancock akaitwa Mwandishi. Mpiga besi Buster Williams, Mchezaji. Mpiga dramu Billy Hart, Jabali. Bennie Maupin wa klarineti ya besi na filimbi, Mwile (tahajia ni yao). Mpiga tromboni Julian Priester, Pepo Mtoto. Eddie Henderson wa tarumbeta, aliyekuwa pia daktari wa hospitali, alipata Mganga.

Muziki

Albamu ilirekodiwa 31 Desemba 1970 katika studio za Wally Heider, San Francisco, chini ya prodyuza David Rubinson. Hancock alikuwa ameachana na kundi la Miles Davis mwaka 1968, na Fat Albert Rotunda, albamu yake ya kwanza kwa Warner, ilikuwa ya kuchezeka. Mwandishi haikumbembeleza mtu.

Kipande cha kwanza, “Ostinato (Suite for Angela)”, chenye dakika 13, kilitungwa kwa heshima ya mwanaharakati Angela Davis, ambaye wakati huo alikuwa mahabusu akisubiri kesi. Aliachiwa huru 1972. Besi na klarineti ya besi hurudia mstari mmoja wa mapigo 15, yaani 8 kisha 7. Anayegonga mguu chini hujikuta kila mzunguko amepitiliza nusu hatua, ilhali wapigaji hawatetereki. Dramu ni mbili, ya Hart na ya Leon “Ndugu” Chancler, aliyekuwa na umri wa miaka 18. Gitaa ni la Ronnie Montrose, na tumba ni za José “Chepito” Areas wa kundi la Santana. Hancock anapitisha kinanda chake cha Fender Rhodes katika mashine ya mwangwi, hivyo sauti moja huzaa nyingine kabla yeye hajagusa kitufe kingine.

“You'll Know When You Get There” ni kipande cha polepole. “Wandering Spirit Song”, utunzi wa Priester, kinachukua upande wote wa pili wa santuri, dakika zaidi ya 21. Kinaanza kwa utulivu wa wimbo wa kanisani, kikavurugika vibaya katikati, kisha kikatulia. Hapa ndipo sifa nzuri zaidi ya kundi hili inapodhihirika: hakuna anayekimbilia kujaza kimya.

Baadaye

Kundi lilirekodi pia Crossings (1972), ambapo Patrick Gleeson aliongeza sinthesaiza, na Sextant (1973, Columbia). Mauzo hayakutosha kulipia ziara, likavunjwa 1973. Maupin peke yake ndiye aliyeendelea na Hancock katika albamu Head Hunters, iliyouzwa kama njugu mwaka uleule. Rekodi za Warner zilitolewa upya kwa pamoja mwaka 1994, na kitabu cha Bob Gluck kuhusu bendi hiyo kilichapishwa 2012.