Masimango kwa Mkono Unaopokea: Tunachojifunza Mbinga na Pwani ya Ziwa Nyasa

Neno masimango halihitaji kufafanuliwa kwa mtu wa Unguja au Pemba. Ni pale mtu anapokupa kibaba cha unga leo, kesho akakutangaza mtaa mzima. Leo tunataka kulifuata neno hili kwa safari ndefu kidogo, mpaka Mbinga na vijiji vya Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, mkoani Ruvuma, ukingoni mwa Ziwa Nyasa.

Kwa nini huko mbali? Kwanza, si mbali sana kama tunavyodhani. Katika karne ya 19 misafara iliwatoa watu kanda za Ziwa Nyasa ikawafikisha Kilwa, na majahazi yakawaleta Unguja kuuzwa, hadi soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873. Wengi waliobaki hapa waliitwa Wanyasa, na wengine wetu ni vitukuu vyao. Pili, historia ya Mbinga inatusaidia kujibu swali linaloulizwa kila mahali, huku kwetu na kule: je, anayepokea pesa za TASAF ni mvivu?

Pesa zenyewe ni kiasi gani

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Awamu ya tatu, iliyozinduliwa Agosti 2012, ndiyo iliyoleta Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Kufikia mwaka 2015 mpango huo ulikuwa na kaya kama milioni 1.1, Bara na Visiwani. Katika awamu hiyo ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa kidogo, kwa sharti kwamba wadogo wapelekwe kliniki na wakubwa wahudhurie shule, na hata kaya iliyotimiza kila sharti haikuweza kuvuka shilingi 38,000 kwa mwezi. Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili, na mara nyingi aliyekwenda kupokea kwa niaba ya nyumba nzima alikuwa mwanamke.

Tugawe basi hiyo 38,000 kwa siku 30. Inafika shilingi 1,266 na ushee kwa siku, kwa nyumba yenye mama, watoto, na pengine bibi kitandani. Ni juu ya fedha hizo ndipo tunaposikia maneno: wamezoea kupewa, wanazaa ili walipwe, wanasubiri siku ya malipo badala ya kushika jembe.

Mlima uliojengwa na wanawake

Wamatengo wa milima ya Mbinga wanajulikana kwa kilimo cha ngolo. Wangoni walipokuwa wakivamia nchi jirani katika karne ya 19, Wamatengo walibanwa wakakaa kwenye miteremko mikali, mahali ambapo mvua moja kubwa ingeweza kuchukua shamba zima. Wakatengeneza mashimo yanayopangana mlima mzima kama sega la nyuki. Majani hukatwa na kupangwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo huchimbwa katikati na kufunikwa juu ya majani. Shimo linazuia maji yasikimbie, na majani yanaoza yakawa mbolea. Desturi ni kwamba mwanamume hufyeka na kupanga majani. Anayechimba na kufunika udongo, shimo baada ya shimo, ni mwanamke.

Milima hiyohiyo ilikuwa na desturi ya sengu. Watu wa ukoo walikusanyika kwa mzee wao, kila mke akileta chakula alichopika, na hapo hapo mashauri ya ukoo yakazungumzwa. Kwenye sengu sahani za nyumba zote ziliwekwa pamoja. Aliyevuna vibaya mwaka ule alikula kama aliyevuna vizuri, na wala hakuhitaji kusimama mbele ya watu kueleza umaskini wake.

Kule chini ziwani maisha yalitegemea muhogo na samaki, hasa usipa, samaki wadogo wanaoanikwa juani kama dagaa. Huko nako kazi ya kuanika na kuuza iliwaangukia sana wanawake. Basi kabla hatujasema neno uvivu, tujue tunawasema watu gani.

Waliochukuliwa nguvu zao

Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba. Kodi ilitaka fedha, na kusini mwa nchi fedha zilikuwa mbali. Vijana wakaondoka. Baada ya Waingereza kuingia, Songea na wilaya zake zikawa shamba la kuvuna vibarua. Shirika la kuandikisha vibarua wa mkonge, lililojulikana kama SILABU, lilianzishwa mwaka 1944 na kuwapeleka watu katika mashamba ya Tanga na kwingineko. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wengine kutoka pwani ya ziwa walikwenda hadi migodi ya Afrika Kusini. Wapo waliorudi na masanduku, na wapo waliopotea huko moja kwa moja. Upande wa pili wa ziwa, Malawi, waliopotea hivyo waliitwa machona.

Nani alibaki nyumbani? Mke, na watoto, na wakwe waliozeeka. Manamba hakuwa na pensheni. Mfuko wa kwanza wa akiba ya wafanyakazi, NPF, ulianza mwaka 1964, na uliwahusu walioajiriwa kwenye ajira rasmi. Mjane wa manamba, na mkulima wa ngolo, na muuza usipa hawakuwa na mwajiri wa kuwakatia chochote. Bibi ambaye miaka hii amesimama kwenye mstari wa TASAF, mara nyingi ni mtoto au mjane wa watu hao. Jasho lao lilijenga uchumi wa mahali pengine. Kinachomfikia leo, ukikiangalia kwa historia, kina sura ya deni linalolipwa kwa kuchelewa.

Jembe la siku ya tatu

Baada ya uhuru tulifundishwa kuthamini kazi, na lilikuwa fundisho jema. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa, alitumia methali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maneno kupe na mnyonyaji yakaingia midomoni mwa watu. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi, na watu walioonekana hawana kazi mijini wakakamatwa na kurudishwa vijijini.

Lakini tumekumbuka jembe tukasahau sehemu ya pili. Katika andiko lilelile Mwalimu alisema kwamba katika jamii ya asili mtu asiye na mali hakukosa chakula wala heshima, kwa sababu alitegemea mali ya jamii nzima. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo, lililosisitiza kwamba kila mtu afanye kazi, liliwatoa watoto wadogo na wazee na wasiojiweza. Tena lilisema jambo ambalo wanawake tungepaswa kulibandika ukutani: kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kuliko watu wote nchini, ilhali wanaume wengi wa vijijini wako mapumzikoni nusu ya maisha yao. Neno kupe lilikusudiwa mwenye nguvu anayeishi kwa jasho la wenzake. Leo anarushiwa mwanamke mwenye mikono iliyosuguliwa na jembe.

Kahawa iliyoanguka

Mbinga ina lawama yake maalumu. Ruvuma ni mmoja wa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na milima ya Mbinga ina kahawa tangu miaka ya 1920. Mtu wa nje huuliza: nchi yenye kahawa na mahindi inakuwaje na maskini?

Jibu lipo. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakilinda bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka duniani kote. Katikati ya miaka ya 1990 soko la kahawa nchini likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kikaanguka. Ushirika huo ndio uliokuwa ukimkopesha mkulima mbolea na dawa. Wakati huohuo hospitali na shule zikaanza kutaka wananchi wachangie gharama. Mwenye mibuni mingi alitikisika akasimama. Mwenye mibuni michache, mjane, au mwenye mgonjwa ndani, hakusimama. Alikuwa akifanya kazi ileile ya jana, ila bei ndiyo iliyobadilika.

Kuitwa jina mkutanoni

Sasa tufike kwenye TASAF yenyewe. Walengwa walichaguliwa kwa hatua. Mkutano wa kijiji ulitaja kaya zilizo maskini kuliko zote, kisha wataalamu wakajaza dodoso nyumba kwa nyumba, majibu yakapigiwa hesabu, na orodha ikarudishwa mkutanoni kuthibitishwa. Nia ilikuwa njema: kuzuia upendeleo na kuwafikia wanaostahili. Lakini tuangalie kilichotokea kwa moyo wa mtu. Ili upate, lazima jirani zako wakutaje hadharani kuwa wewe ni fukara kuwazidi. Na kijijini ambako karibu kila mtu ana dhiki, aliyekosa kwa tofauti ndogo hukaa na donge: kwa nini yeye na si mimi?

Mambo haya yana historia duniani. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1697 iliyomtaka kila anayelishwa na parokia avae herufi P begani, yaani maskini. Ilifutwa mwaka 1810. Hakuna anayevalishwa herufi Mbinga wala Micheweni, alhamdulillahi, lakini jina "kaya maskini" linaweza kufanya kazi ya kitambaa kile.

Kisha likaja suala la kaya hewa. Mwaka 2016 Serikali iliagiza uhakiki, na maelfu ya kaya zikaondolewa: za waliokufa, waliohama, na wasiostahili. Uhakiki ulikuwa wa haki. Hata hivyo orodha haikuandikwa na bibi wa kijijini, na doa likambakia yeye.

Na je, pesa zinanywewa pombe? Majaribio ya mwanzo ya mpango huu yalifanyika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino kuanzia mwaka 2010. Watafiti walikuta kaya zilizopokea zikinunua kuku, zikiwavisha watoto viatu, na zikijiunga na bima ya afya ya jamii. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali, na hawakuona kwamba fedha za namna hii huongeza ulevi na sigara. Mama akipata kidogo hununua kuku. Sisi wanawake hilo halitushangazi.

Kwetu visiwani

Tuje nyumbani. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa pencheni jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, kiwango ambacho baadaye kiliongezwa. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki: analipwa kila mzee, aliyekuwa karani na aliyekuwa mchuuzi wa mwani, kwa fedha za serikali yenyewe. Hakuna dodoso la ufukara. Swali ni umri tu.

Je, mmewahi kumsikia mtu akimwita bibi yake kupe kwa sababu ya pencheni jamii? Hatudhani. Lakini kisiwa kilekile, sheha yuleyule, tunawasikia watu wakiwacheka walengwa wa TASAF. Zote mbili ni fedha za umma, na zote hazikutolewa jasho mwezi ule. Tofauti ni kwamba moja hupewa mtu kwa kuwa ni mzee wetu, na nyingine kwa kuwa ametajwa kuwa duni. Sengu ya Wamatengo ilifanana na ya kwanza. Masimango hukua kwenye ya pili.

Hatusemi TASAF ifungwe, wala kwamba kulipa watu wote ni rahisi kwa nchi yenye mfuko mdogo. Tunasema kuwa namna ya kutoa inajenga au inabomoa heshima, na wanaopanga mipango hii wangepaswa kulihesabu hilo kama wanavyohesabu shilingi.

Dini yetu imelisema hili zamani. Qur'ani imeeleza kuwa katika mali ya wenye nacho mna haki ya anayeomba na ya asiyeomba, na ikaonya kwamba masimango na maudhi huibatilisha sadaka. Ndiyo, Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema mkono wa juu ni bora kuliko wa chini. Maneno hayo yanatuhimiza tutoe na tujitegemee. Hayakutupa ruhusa ya kuupiga mkono wa chini.

Basi dada zetu, siku ya malipo ikifika na tukawaona kina mama wamepanga mstari kwa sheha, tuwasalimie kwa majina yao, bi fulani, mama fulani, tuwape nafasi kivulini, na tuulize hali za watoto. Na neno likianza kibarazani la kuwacheka, tulikate palepale, kwa upole.