Elimu ya Mpakani: Busitema, Tororo na Alupe

Kwa abiria wengi wa basi la Nairobi na Kampala, Busia ni mahali pa kugonga muhuri tu. Malori yamepanga foleni, wabadilisha fedha wanaita, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe rasmi mwaka 2018, hata nafasi ya kutazama huku na huku imepungua. Abiria huyo anapitwa na mengi. Busia, Busitema, Tororo, Malaba na Alupe zinafanya mzunguko mfupi wa barabara, na ndani ya mzunguko huo imo historia ya elimu na utafiti ambayo mji wowote wenye chuo kikuu cha kale ungejivunia.

Anzia Busitema, upande wa Uganda, kwenye msitu ambako nyani hukaa kando ya lami wakingoja ndizi zirushwe kutoka madirishani. Chuo Kikuu cha Busitema kilianzishwa mwaka 2007, lakini kilirithi chuo cha zana za kilimo kilichojengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti. Nenda Tororo, mwendo usiofika saa moja, utaikuta Tororo Girls, shule iliyofunguliwa mwaka 1965 kwa fedha za Marekani, na Chuo Kikuu cha Massachusetts kikaleta walimu. Mataifa mawili yaliyotishiana kwa makombora yalishindania eneo hili kwa matrekta na mabweni ya wasichana. Waliofaidika ni watoto wa wakulima wa hapa.

Usitafute lango kuu wala mnara wa saa. Busitema imetawanyika: kampasi nyingine iko Namasagali, nyingine Arapai, nyingine Mbale, na moja iko Nagongera, magharibi ya Tororo, palipokuwa chuo cha ualimu. Nagongera iko Padhola, nchi iliyompa mwanahistoria Bethwell Ogot sehemu kubwa ya kitabu chake cha historia ya Waluo wa kusini, kilichotoka mwaka 1967. Aliwasikiliza wazee, akathibitisha kwamba masimulizi ya mdomo yanatosha kuwa msingi wa historia ya kitaalamu, wakati ambapo wasomi wengi wa Ulaya walikuwa bado wanalibishia jambo hilo.

Tororo yenyewe wageni huijia kwa ajili ya mwamba wake. Wapande, mandhari ni mazuri. Ila hazina ya mji huu kwa maoni yangu iko chini, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo kilichorithi kazi ya EATRO, shirika la Afrika Mashariki la kuchunguza malale na nagana. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya laki mbili kando ya Ziwa Viktoria, na mwambao wa Busoga na Samia ukahamwa. Mbung'o anayeyaeneza hana pasipoti, kwa hiyo Kenya, Uganda na Tanganyika zilimkabili kwa shirika moja, makao yake makuu yakiwa Tororo. Watafiti walichukua vimelea kutoka kwa wagonjwa, ng'ombe na wanyama pori, wakavigandisha na kuvipa namba. Kimoja, EATRO 1125, kilitoka kwa pongo hapa Uganda mwaka 1966. Mpaka leo maabara za Ulaya na Marekani zinakikuza na kukichunguza kwa jina hilohilo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, utafiti nao ukagawanywa. Tororo ikabaki ya Uganda, Kenya ikaunda shirika lake. Miaka iliyofuata malale yakazidi kusambaa kutoka Busoga hadi Tororo, na ushirikiano ule ulikuwa umekwisha. Ni hasara ambayo haijaandikwa inavyostahili.

Lakini utafiti haukukoma. Kati ya mwaka 2011 na 2013, wanasayansi waliokusanya mbu Nagongera walipata kwamba mtu mmoja alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea vya malaria kama mara 310 kwa mwaka. Nyumba zilianza kupuliziwa dawa mwishoni mwa 2014, na malaria ikashuka sana.

Vuka Malaba urudi kusini, utafika Alupe, upande wa Kenya. Hapa palikuwa na kituo cha Afrika Mashariki cha utafiti wa ukoma, kisha hospitali ya kutibu malale. Leo pana Chuo Kikuu cha Alupe, kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi hadi kilipopewa hati yake mwaka 2022. Vyuo hivi viwili, Busitema na Alupe, vinatenganishwa na mpaka tu. Vingeweza kuwatuma wanafunzi wao wa historia kwa mafundi wa maabara na wauguzi wa enzi ya Jumuiya, waliorekodi joto la wagonjwa na kuhesabu mbung'o mtegoni, wakaandike majina yao na kazi zao. Aliyeajiriwa akiwa na miaka 20 mwaka 1970 sasa amepita 70.