Vazi la Nahodha Mdogo

Nahodha huyu mdogo, aliyesimama kwenye tezi ya mfano wa jahazi, chombo ambacho mafundi wa visiwa vya Jibondo na Chole wamekiunda kizazi baada ya kizazi, amevaa kikoi ambacho si cha pamba, bali ni bamba jembamba la plastiki lililolainishwa kwa moto. Kwani kitambaa cha kweli, kikatwapo kwa kimo cha shibiri moja, husimama kikavu kama turubai jipya, kikakataa kuanguka kwa mikunjo midogo, na jicho hung'amua hila hiyo mara moja.

Plastiki hii, ya jamii ya polistirini, hulegea ikaribiapo joto la nyuzi 100, yaani joto la maji yachemkayo. Hapo fundi, ambaye ana nukta chache tu kabla haijakakamaa, huilaza kiunoni mwa sanamu, akavuta ncha zake chini na kuipanga mikunjo kwa kijiti cha mviringo, akikumbuka kwamba kikoi hufungwa kwa kuviringwa ukingo wake, aghalabu bila mshipi, na kwamba kusi lijazalo tanga halina budi kuupeperusha upindo upande ule ule.

Tazama goti la kushoto: bamba lilivutwa mno, hata mwanga wapenya. Tumeliacha vivyo hivyo, maana kikoi kikuukuu nacho huchakaa papo hapo.

Ikipashwa moto tena, plastiki hii huelekea kurejea ubapa wake wa awali. Ndiyo sababu nahodha amewekwa mbali na jua la dirishani.